Shokapu za mbele za baiskeli ya gia na vumbi la Dodoma: kuchagua, kufungua na kutunza

Mwendesha wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nimeanzisha uzi huu baada ya kufungua foki, yaani shokapu ya mbele, ya baiskeli yangu Jumamosi iliyopita na kukuta ndani yake tope la rangi ya kahawa, mahali palipopaswa kuwa na oili safi. Sikuwa nimevuka mto wala kunyeshewa, kwa kuwa tuko Agosti na mvua tuliagana nayo zamani. Tope lile lilikuwa vumbi tupu la njia ya Ihumwa kuelekea Hombolo, ambalo lilipenya kidogo kidogo chini ya sili (mpira wa kuzuia vumbi), likakorogana na oili, na kugeuka kitu kinachofanya kazi ya msasa kila foki inapobonyea. Bomba moja limekwisha kulika upande wa nyuma, na mng'ao wake hautarudi tena.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba foki huuawa na mashimo na mawe. Sasa naamini kwamba kwa sisi wa kanda hii, ambako nchi hukauka kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, vumbi ndilo muuaji, na kwamba swali la kwanza la mtu anayetaka kununua foki halipaswi kuwa ubora wa jina lililoandikwa ubavuni, bali kama ataweza kuifungua, kuisafisha na kuifunga yeye mwenyewe au fundi wake wa karibu, kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini.

Nianze na umbo lake, kwa faida ya wasiowahi kuona ndani. Juu kuna shina linaloingia kwenye shingo ya fremu. Chini ya shina kuna bega, na kwenye bega hushuka mabomba mawili yanayong'aa, ambayo huingia ndani ya miguu ya chini iliyoshika ekseli ya gurudumu. Mdomoni mwa kila mguu kuna sili ya kupangusa vumbi, chini yake mara nyingi kuna pete ya sponji inayoshika oili, na chini zaidi kuna bushi ambazo bomba huteleza juu yake. Kwenye foki nyingi mguu mmoja hubeba springi, iwe ya chuma au ya hewa, na mguu wa pili hubeba dampa, yaani mtambo wa oili unaozuia springi isirudi kwa kurusha. Foki za bei ya chini kabisa hazina dampa ya maana, na ndiyo sababu hukutupa mikono juu kila unapopita kwenye rasta za barabarani.

Katika kuchagua, jambo linalowaponza wengi ni vipimo. Baiskeli nyingi za mtumba zinazofika kwetu ni za inchi 26, zina shingo ya mtindo wa zamani inayopokea shina lililonyooka la inchi moja na moja ya nane, na zinatumia breki za rimu. Foki nyingi za sasa zimetengenezwa kwa inchi 27.5 na 29, zina shina linalopanuka chini hadi inchi moja na nusu, na hazina vishikizo vya breki za rimu, kwa sababu zimekusudiwa breki za diski. Ukinunua foki ya namna hiyo kwa ajili ya fremu ya zamani, umenunua pambo la ukutani. Ekseli nazo hutofautiana: ya zamani ina kipenyo cha milimita 9 na upana wa 100, nyingine ni 15 kwa 100, na za kisasa ni 15 kwa 110, na gurudumu la aina moja haliingii kwenye foki ya aina nyingine bila kubadili habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kwa foki iliyotumika, pima pia urefu wa shina, kwa kuwa mwenye nayo wa kwanza alilikata kulingana na fremu yake. Shina fupi haliungwi, na fundi atakayejitolea kukuchomea kipande cha kuongeza anakutafutia msiba.

Urefu wa kubonyea hutegemea kazi. Kwa njia za mchanga, mashamba ya Makutupora na barabara za vijijini, milimita 100 hadi 120 zinatosha kabisa. Milimita 130 hadi 150 ni za mtu anayeshuka kwenye mawe mara kwa mara, na kuanzia 160 unazungumzia baiskeli ya kushukia milima mikali, ambayo ukiipeleka Mtumba kazini kila asubuhi utajuta. Unene wa bomba nao una maana yake, kwa kuwa lenye milimita 28 au 30 hupinda kidogo unapofunga breki kwa nguvu, na kuanzia 32 gurudumu hufuata usukani bila ubishi.

Nitarudi kuzungumzia utunzaji. Kwanza naomba michango.

Kilo Tisini na Nne

Mkuu, ahsante kwa darasa. Mimi ni mtu mzito kama jina langu linavyojieleza, na natumia baiskeli ya mtumba ya inchi 26 yenye foki ya SR Suntour ya springi ya chuma, milimita 100. Nikikaa tu inazama karibu nusu, na nikifunga breki ya mbele kwenye mteremko wa Ntyuka inafika mwisho na kugonga. Nimekaza kitufe cha juu hadi kikagoma, lakini bado. Isitoshe, kuna kelele ya "ko, ko" inayotoka mbele kila ninapopita kwenye kokoto. Duka moja hapa mjini wameniambia foki imekufa na wakanishauri ninunue ya milimita 150 ili inibebe vizuri. Je, nifanye hivyo?

Mwendesha wa Nzuguni

Ndugu yangu, usitoe hata shilingi kabla ya kusoma haya.

Kitufe cha juu kwenye foki ya springi hakiifanyi springi kuwa ngumu. Kinaibana mwanzoni tu, ili isizame mapema, lakini ugumu wake wa milimita hadi milimita unabaki vilevile. Springi zinazokuja na foki hizi huchaguliwa kwa mwendeshaji wa uzito wa wastani, na kwa kilo 94 dawa ni kubadili springi yenyewe kwa ngumu zaidi. SR Suntour hutengeneza springi za ugumu mbalimbali kwa baadhi ya foki zake, kwa hiyo andika jina la modeli lililo ubavuni na mwaka kama upo, kisha uulize kwa kutumia jina hilo.

Kuhusu milimita 150, jibu langu ni hapana. Foki ndefu huinua mbele ya baiskeli na kulaza shingo. Kwa makadirio ya kawaida, kila milimita 20 za nyongeza hulaza shingo kwa nyuzi moja hivi, kwa hiyo ukitoka 100 kwenda 150 utakuwa umeilaza kwa takriban nyuzi mbili na nusu. Usukani utakuwa mzito kwenye mwendo mdogo, gurudumu la mbele litapepea unapopanda mlima, na zaidi ya yote fremu iliyotengenezwa kwa milimita 100 itabeba mzigo wa wenzo mrefu pale shingo ilipochomelewa. Nyongeza ya milimita 20 huvumilika kwenye fremu nyingi. Hamsini sithubutu.

Kelele sasa. Fanya jaribio hili: simama kando ya baiskeli, funga breki ya mbele, weka kidole pale bomba linapoingia kwenye sili, kisha sukuma usukani mbele na nyuma. Kidole kikihisi bomba linacheza ndani ya mguu, bushi zimelika. Halafu hamisha kidole uweke chini ya shingo, pale kikombe cha beringi kinapokutana na bega la foki, na urudie. Mchezo ukiwa hapo, foki haina kosa lolote. Tuletee majibu.

Fundi wa Majengo

Wakuu, mimi natengeneza baiskeli kwa zaidi ya miaka ishirini, nyingi zikiwa za kubebea maji na mkaa, ila hizi za gia nazo zinazidi kuletwa. Naona mnaifanya kazi hii kuwa ngumu kuliko ilivyo. Mimi hufungua boliti mbili za chini, navuta miguu, nafuta, napaka gresi ya beringi za magari, narudisha. Mteja anaondoka akicheka. Nje napulizia WD-40 ili iteleze. Nani kati yenu ameona foki iliyokufa kwa gresi?

Mwendesha wa Nzuguni

Fundi, heshima yako. Kwa foki ya springi ya bei ya chini, ambayo imetoka kiwandani na gresi na haina oili ya kuogea miguuni, njia yako inafaa, na natamani kila fundi angalau angefika hapo, kwa sababu wengi huishia kupangusa nje tu. Nitakubishia mahali pawili.

La kwanza ni gresi nzito kwenye foki ya hewa yenye pete za sponji. Pete hizo zimewekwa ili zinywe oili nyepesi na kuipaka kwenye bomba. Gresi nzito huziziba, na foki inakuwa na ukaidi wa kuanza kubonyea, yaani mawe madogo yote yanafika mikononi na ni shimo kubwa tu linaloiamsha. La pili ni WD-40. Ni nyepesi mno, hupenya chini ya sili, huosha gresi na oili uliyoiweka kwa jasho lako, kisha hukauka na kuacha sili kavu. Wapo pia wanaopaka oili chafu ya gari kwenye mabomba ili yang'ae, na hao kwa hapa Dodoma wanatengeneza gundi ya kunasia vumbi.

Kwa wenye foki ya hewa, hivi ndivyo ninavyofanya mimi, na hunichukua saa moja na nusu. Naandika kwanza kiasi cha hewa kilichomo, kisha naitoa yote, na sigusi boliti yoyote kabla ya hapo. Nafungua boliti za chini mizunguko mitatu au minne bila kuzitoa, nagonga kichwa cha kila boliti kwa nyundo ya mpira hadi mhimili wa ndani uachie, ndipo nazitoa na kukinga oili chakavu kwenye beseni. Rangi ya oili hiyo ni ripoti ya daktari: ya asali ni nzuri, ya kijivu inasema kuna kitu kinasagika, ya kahawa inasema umechelewa kama mimi. Navuta miguu ya chini taratibu, nafuta mabomba kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti kidogo, natoa pete za sponji na kuziosha hadi maji yatoke safi, nazikausha na kuziloweka kwenye oili mpya. Mdomo wa sili napaka gresi laini ya foki kwa ncha ya kidole. Narudisha miguu hadi nusu, nalaza baiskeli, namimina oili kupitia matundu ya boliti kwa bomba la sindano kwa mililita zilizoandikwa kwenye kitabu cha foki hiyo, nasukuma miguu hadi mwisho, nafunga boliti na vizibo vyake vipya, halafu nairudisha hewa.

Boliti hizo hazihitaji nguvu ya kukazia magurudumu ya lori. Ni nyembamba, zimeingia kwenye mhimili wa alumini, na mtu anayezikaza kwa hasira hukata uzi wake mara moja tu, na mara hiyo moja inatosha.

Oili ya miguuni si lazima iagizwe mbali. Oili ya foki za pikipiki inapatikana kwenye maduka ya spea za bodaboda, nami nimeitumia bila tatizo kwa kulainishia miguu. Ndani ya dampa ni habari nyingine: hapo weka ile tu iliyotajwa na mtengenezaji, kwa sababu wepesi wa oili ndio unaoamua kasi ya foki kurudi. Oili ya breki isiingie kabisa, huharibu mipira ya sili.

Kuhusu muda, watengenezaji wa foki RockShox katika maelekezo yao hutaja saa 50 za kuendesha kwa kazi hii ya miguu ya chini, na wenzao Fox hutaja saa 125 au mwaka mmoja kwa matengenezo kamili. Hawa hawakuandika wakiwa Chamwino mwezi wa Septemba. Mimi kuanzia sasa nafungua kila baada ya saa 30 wakati wa kiangazi.

Fundi wa Majengo

La sponji nakubali, sikulijua, maana za hewa ninazoletewa ni chache. Na mimi niongeze lenu la kujifunza: acheni kupeleka baiskeli kwenye mashine za kuoshea magari. Yale maji ya presha yanasukuma mchanga chini ya sili kuliko vumbi la mwaka mzima. Ndoo, sabuni na brashi laini vinatosha.

Mkazi wa Iyumbu

Habari zenu. Nina foki ya hewa ya milimita 120, nami nina uzito wa kilo 61. Nina maswali mawili. Je, naweza kujaza hewa kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa vali yake inafanana na ya gari? Pili, kila ninapoichomoa pampu yangu ya shokapu nasikia hewa ikitoka kwa kishindo, na nikiiunganisha tena inasoma pungufu. Nimeanza kushuku kwamba vali inavuja.

Mwendesha wa Nzuguni

Dada, kituo cha mafuta hapana. Chumba cha hewa cha foki ni kidogo sana, hivyo mashine iliyozoea tairi la gari huruka kutoka 40 hadi kiasi cha hatari kwa kufumba na kufumbua, na kipimo chake hakina ustadi wa kutofautisha PSI (kipimo cha shinikizo la hewa) 65 na 70, tofauti ambayo mikono yako itaihisi.

Vali yako haivuji. Kishindo kile ni hewa iliyobaki kwenye mpira wa pampu, si ya foki. Na unapoiunganisha tena, hewa ya foki inaujaza mpira huo mtupu, ndiyo maana kipimo kinashuka. Kwa hiyo jaza hadi kiasi unachotaka, chomoa, na usirudi kuhakiki kila mara, maana kuhakiki ndiko kunakopunguza.

Usianze na namba za jedwali peke yake, anza na kuzama, yaani umbali ambao foki inabonyea kwa uzito wako tu. Vaa mavazi na begi unaloendea safari, acha kufuli ya foki, ile inayoizuia isibonyee, ikiwa wazi, simama juu ya pedali huku mwenzako akishika baiskeli, na usogeze ile pete ndogo ya mpira kwenye bomba hadi iguse sili. Kama pete haipo, funga kamba ndogo ya plastiki ya kufungia waya. Shuka polepole, upime umbali. Kwa njia za kawaida, asilimia 20 inapendeza, yaani milimita 24 katika 120 zako, na kwa mteremko wa mawe unaweza kufika 25 hadi 30. Unapojaza, bonyeza foki mara tano au kumi kila baada ya kuongeza kidogo, ili chumba cha chini kinachosaidia kubonyea nacho kipate sehemu yake. Baada ya hapo rekebisha kasi ya kurudi: isukume chini na uiachie, irudi haraka bila gurudumu kuruka kutoka ardhini.

Wengine huniuliza kama kuja na baiskeli kutoka Dar es Salaam kunabadili hewa. Mji wetu uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na tofauti hiyo haifiki hata PSI 2. Jua ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa kuwa kila nyuzi 10 za joto zinaongeza kama PSI 3 kwenye foki yenye 80. Ipime asubuhi, siku zote saa ileile.

Uma Mgumu

Naomba kuwa mpinzani kidogo. Watu waliteremka milima ya California kwa miaka mingi kwenye baiskeli zisizo na shokapu yoyote. RockShox ilianza mwaka 1989, na mwaka uliofuata Greg Herbold akashinda mashindano ya dunia ya kuteremka mlima kule Durango akitumia foki yao, ndipo kila mtu akataka. Sawa, kwa mashindano. Lakini mtu anayetoka Kizota kwenda kazini kwa lami anabeba zaidi ya kilo mbili za chuma kinachocheza cheza mbele yake kwa faida gani? Mimi nimefunga uma mgumu, yaani usio na shokapu, wa chuma uliotengenezwa kwa urefu unaolingana na foki ya milimita 100, nikaweka tairi pana lenye hewa kidogo, na kitu pekee kinachonisumbua tangu hapo ni mbigili.

Mwendesha wa Nzuguni

Sina cha kukupinga kwa mtu wa lami, na hata kwa mtu wa barabara ya changarawe naweza kusema kwamba uma mgumu wenye tairi nzuri ni bora kuliko foki mbovu isiyo na dampa. Nasimama na foki pale tu njia inapokuwa ya mawe na makorongo, kama sisi tunaozunguka vilima vya itale nje ya mji, ambako baada ya saa mbili bila shokapu vidole vinashindwa kushika breki. Na kwa wenye kufuli: ifungue kabla ya kushuka. Foki nyingi za kawaida zikipigwa shimo zikiwa zimefungwa, dampa ndiyo inayolipa.

Kilo Tisini na Nne

Wakuu, nimerudi. Nimefanya jaribio la kidole. Kwenye sili hakuna mchezo wowote, ila chini ya shingo kidole kilibanwa waziwazi. Nimelegeza boliti za pembeni za kishikio cha usukani, nimekaza ile ya juu robo mzunguko, nikafunga tena za pembeni. Ile "ko, ko" haipo. Nimekwenda hadi Ntyuka na kurudi bila kuisikia.

Nimefungua na foki kwa njia ya Fundi. Gresi ya zamani ilikuwa imekauka kama nta, na springi ipo mguu mmoja tu, wa kushoto. Bado inazama, lakini haikwami tena njiani. Jina la modeli nimeliandika, na Jumatatu naanza kuulizia springi ngumu.

Fundi wa Majengo

Springi ikipatikana uje nayo, ndugu. Nataka kuona tofauti yake na hiyo ya kwanza kwa macho yangu.